Kabla ya kusema nyumba ni ya Mjerumani, soma kuta zake

Ndugu Mhariri, mmeuliza wiki hii: nyumba kongwe ya mjini ikiitwa "ya Mjerumani", tutajuaje kama ni kweli?

Kwa miji ya pwani kama Bagamoyo, Pangani na Kilwa Kivinje, anzeni na futi kamba. Mafundi wa zamani walishikiza dari kwa boriti za mikoko, na boriti ina kikomo chake. Ndiyo maana vyumba vyao ni virefu lakini upana mara chache huzidi mita 3. Ukikuta ukumbi wa mita 5, inua macho. Kama kuna mihimili ya chuma, huenda hapo Mzungu ametia mkono. Pimeni kila chumba lakini, kwani nyumba nyingi zilikuwa za wafanyabiashara Waarabu na Wahindi, zikaja kuongezwa veranda au ghorofa. Mlango wa nakshi si shahidi: milango iling'olewa na kuuzwa kama samani.

Kisha kwangueni lipu kwenye kona iliyojificha. Chokaa ni nyeupe, inakwanguka kwa ukucha, na ndani mna chembe nyeusi za mkaa wa tanuri. Saruji ni ya kijivu na inagoma, na mara nyingi ni ya ukarabati wa baadaye. Saruji juu ya mawe ya matumbawe inaniuma sana kuiona. Ukuta hufyonza unyevu wenye chumvi kutoka ardhini. Chokaa huuachia upumue, saruji huufungia ndani. Chumvi hurundikana nyuma ya lipu, lipu hutuna, hubanduka, na jiwe lenyewe huanza kumomonyoka.

Hati nazo zina mapengo. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walitwaa mali za Wajerumani kama mali ya adui na kuziuza, hivyo hati inaweza kuanzia kwa mnunuzi wa miaka ya 1920. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 yalitaifishwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Ulizeni na Shirika la Nyumba la Taifa, lililorithi kazi ya Msajili huyo.

Majalada ya Kijerumani yako Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Mengi yana mwandiko wa kale ambao hata anayejua Kijerumani hukwama. Tafuteni kwanza ramani na namba ya kiwanja, mlinganishe na vipimo vyenu vya vyumba.