Jibu: Madoa ya kahawia kwenye bakuli la kioo la zamani

Dada, umeuliza jinsi ya kusafisha bakuli la bibi la kioo la kuokea, lenye madoa ya kahawia yaliyoganda kwenye mishikio na mistari ya kijivu ndani. Hayo madoa ni mafuta yaliyoungua mara nyingi hadi yakawa kama vanishi. Ndiyo maana sabuni inateleza juu yake tu.

Loweka usiku kucha kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni. Asubuhi changanya bekingi soda na maji kidogo iwe uji mzito, paka, acha nusu saa, halafu sugua taratibu kwa sifongo laini. Rudia, usikate tamaa mara ya kwanza. Penye kona mimi hutumia mswaki uliochoka. Stili waya weka mbali kabisa. Mikwaruzo haifutiki, na kioo kilichokwaruzika hupasuka kirahisi.

Umesema lina maua kwa nje. Hapo ni sabuni na kitambaa basi, na usilitie kwenye mashine ya kuoshea vyombo. Langu nililitia mara chache tu, maua yakapauka kama yamepakwa chaki. Hayarudi hayo. Yakianza kubanduka, usilitumie tena kwa chakula, maana baadhi ya rangi za zamani zilikuwa na madini ya risasi.

Ile mistari ya kijivu ndani huenda ni alama za vijiko vya chuma, bekingi soda itaififisha. Ila pitisha ukucha kwanza: ukikwama, huo huenda ni ufa, na bakuli lisiingie tena kwenye oveni.