Kufuli la mlango wa kiwanda
Umeuliza kwa nini ni kosa kutia kufuli mlango wa kiwanda watu wakiwa ndani. Rudi New York, 25 Machi 1911, kiwanda cha blauzi cha Triangle. Moto ulianzia ghorofa ya 8. Kwenye ya 9 mlango mmoja ulikuwa umefungwa, eti mafundi wasiibe vitambaa! Ngazi za zimamoto ziliishia ghorofa ya 6. Wakafa watu 146, wengi mabinti wahamiaji, makumi wakijirusha madirishani.

Wenye kiwanda? Mahakama iliwaachia. Ila jimbo liliunda tume, na ndani ya miaka michache zikapita sheria zaidi ya 30. Frances Perkins, aliyeuona moto ule kwa macho yake, akaja kuwa Waziri wa Kazi wa Marekani mwaka 1933.