Usitoe plastiki zote mbili kabla ya kuangazia

Ndugu, umesema unatengeneza bodi ya saketi kwa filamu inayohisi mwanga, picha ya saketi inabanduka kwenye shaba unapoiosha, nawe huondoa plastiki zote mbili za filamu mapema. Tatizo liko hapo hapo. Filamu hiyo ina tabaka tatu: plastiki ya polithini upande mmoja, utando unaohisi mwanga katikati, kisha plastiki ya poliesta upande wa pili. Kabla ya kubandika toa polithini peke yake. Poliesta iache mpaka umalize kuangazia kwa mwanga wa urujuanimno (UV), kwa sababu oksijeni ya hewani huzuia utando usigande vizuri. Ukishaibandua, osha kwa kabonati ya sodiamu ya asilimia 1 hivi, si baikabonati ya kupikia (baking soda). Na tafadhali sugua shaba kwanza. Mafuta ya vidole hayashikani na filamu. Kuondoa utando baadaye hutumika kostiki soda, kwa hiyo vaa glavu na miwani.