Paka Kufukia Si Kusafisha: Kinyesi cha Paka wa Jirani ni Wajibu wa Nani?

SWALI: Daktari, jirani yangu ana paka watatu. Uwanja wake wote umepigwa saruji, kwa hiyo paka wanakuja kujisaidia kwangu, kwenye tuta la mchicha na kwenye lundo la mchanga tuliomwaga kwa ajili ya ujenzi. Nimemwambia kwa upole mara tatu. Ananijibu kuwa paka ni msafi, anafukia mwenyewe, tena si najisi, na kijana wake aliye Uingereza amemwambia hata huko mwenye paka hashtakiwi. Mwanangu wa miaka minne huchezea mchanga huo na sasa ana mstari mwekundu unaojipinda mguuni, unamwasha hata halali. Mimi nina mimba ya miezi mitano. Kuna kijana anataka kuniuzia dawa ya kufukuza paka, na wengine wanasema nimwage mafuta ya taa au nitupe vidonge vya naftalini. Jirani hana wajibu wowote? Nami nifanye nini? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Mama, wajibu ni wa jirani yako. Ila tuanze na mtoto, maana yeye hawezi kusubiri ugomvi wa majirani uishe. Ulivyoueleza mstari huo, inaelekea ni lava, yaani mnyoo mchanga, wa safura ya paka au mbwa anayetambaa chini ya ngozi. Mpeleke kituo cha afya, waonyeshe mguu na uwaambie kuwa anachezea mchanga wenye kinyesi cha paka. Dawa zake zipo, albendazoli au ivermektini ya binadamu, na mganga ndiye atakayechagua kwa kuangalia umri na uzito. Usikubali mtu amchokoe kwa sindano wala kummwagia mafuta ya taa. Lava mwenyewe huwa ameshatangulia sentimita moja au mbili mbele ya pale mstari unapoishia, kwa hiyo anayechokoa anachimba njia ambayo mnyoo ameshaihama, na anachoacha nyuma ni kidonda.

Sasa nije kwenye neno "anafukia". Hakuna neno linalonichosha katika kazi hii kama hilo. Kila mwenye paka analo mdomoni, na analisema kama ndilo linalomaliza kesi. Paka anafukia ili kuficha harufu yake. Hajui minyoo, hajui mimba yako, na kwa kufukia anafanya jambo baya kuliko angekiacha kinyesi juani.

Sikiliza kwa nini. Vimelea vitatu tunavyoviogopa zaidi katika kinyesi cha paka havitoki vikiwa tayari kuambukiza. Toksoplazma, kimelea kisichoonekana kwa macho ambacho ni hatari kwa mimba, hutoka kama vijiyai vidogo sana ambavyo havijaiva, na vinahitaji kati ya siku 1 na 5 nje ya mwili wa paka, kwenye hewa na joto, ndipo viweze kumdhuru mtu. Kwa joto la Tanga mimi sihesabu zaidi ya saa 24. Mayai ya minyoo ya mviringo ya paka huhitaji wiki 2 hadi 4. Mayai ya safura huanguliwa ndani ya siku moja au mbili, kisha huchukua karibu wiki nzima kabla lava hajaweza kupenya ngozi ya mguu. Maana yake ni kwamba kinyesi cha leo asubuhi, kikiokotwa leo, huondoka na vimelea hivyo vyote vitatu kabla havijaiva. Kikiachwa mpaka Ijumaa ijayo, hesabu imegeuka.

Na vinaiva wapi vizuri zaidi? Kwenye udongo laini, wenye unyevu na kivuli. Jua kali na ukavu ndivyo vinavyomaliza lava wa safura haraka, na paka akifukia anawakinga na vyote viwili. Tuta la mchicha linalomwagiwa maji asubuhi na jioni linaatamia mayai hayo kuliko mahali pengine popote uwanjani kwako. Baada ya wiki mbili hutaona kinyesi, kimeshasambaratishwa na mvua na jembe, na hapo ndipo watu husema "yamekauka, yamekwisha". Kilichokwisha ni umbo na harufu. Vijiyai vya toksoplazma hukaa hai kwenye udongo wenye unyevu mwaka mzima na zaidi, na mayai ya minyoo ya mviringo huweza kukaa miaka.

Kwa hiyo wajibu wa mwenye paka una saa. Yeye ndiye pekee anayeweza kuhakikisha kinyesi kinaokotwa siku hiyo hiyo, kwa sababu ndiye anayeweza kumpa paka mahali maalumu. Wewe ukikikuta kwenye mchicha, muda umeshapita. Ndiyo maana nasema jukumu ni lake hata kama sheria hainyooshei kidole paka.

Kuhusu Uingereza, kijana wake hakosei: huko mwenye mbwa hutozwa faini asipookota kinyesi mahali pa umma, na paka hawamo katika utaratibu huo kwa kuwa sheria inamchukulia paka kama mnyama anayezurura. Lakini sheria kumwacha paka atembee haijakifanya kinyesi chake kuwa mbolea. Na hilo la "si najisi" linahusu paka mwenyewe na maji aliyoyanywa. Kinyesi chake ni najisi, na sheikh yeyote hapo mtaani atamthibitishia.

Jibu jingine atakalokupa, najua, ni kwamba paka wake wamepewa dawa ya minyoo. Vizuri, na waendelee: paka wakubwa kila miezi mitatu, na watoto wa paka kila wiki mbili kuanzia wiki ya tatu mpaka wiki mbili baada ya kuachishwa kunyonya, kisha kila mwezi mpaka miezi sita. Lakini amuulize aliyempa ni dawa gani. Prazikwanteli peke yake inaua tegu tu, haigusi minyoo ya mviringo wala safura, hao wanataka piranteli au fenbendazoli. Na hakuna dawa ya minyoo inayoua toksoplazma, kwa sababu toksoplazma si mnyoo. Paka huitoa kwa wingi mara anapoambukizwa kwa mara ya kwanza, aghalabu akiwa mdogo na ameanza kukamata panya, kwa wiki moja hadi tatu. Katika muda huo hutoa mamilioni ya vijiyai, na kwa macho anaonekana mzima kabisa.

Anachotakiwa kufanya jirani si kigumu wala cha gharama. Achukue mabeseni mapana ya plastiki, yenye urefu wa mara moja na nusu ya mwili wa paka bila mkia na kingo za sentimita 10 hivi. Atie mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha sentimita 5 hadi 7. Paka watatu wanataka mabeseni manne, moja zaidi ya idadi yao, yakiwa yametawanywa mahali patulivu, mbali na chakula chao. Hapa ndipo wengi hushindwa: wanaweka beseni moja, paka mkubwa analimiliki, wale wengine wanarudi kwako, kisha mwenyewe anasema "nilijaribu, paka wangu hawapendi". Ili wazoee, achukue kijiko cha mchanga wenye harufu yao kutoka kwenye lundo lako na kukichanganya katika kila beseni. Aokote kila siku kwa koleo dogo, afunge kwenye mfuko na kutupa takani, au atumbukize kinyesi chenyewe kwenye choo cha shimo. Asitupe kwenye lundo la mboji, maana mboji ya nyumbani ni nadra kupata moto wa kutosha. Kila wiki amwage mchanga wote na kulisuuza beseni kwa maji yanayochemka. Nasisitiza yanayochemka, kwa sababu Jik na dawa nyingine za klorini haziui vijiyai vya toksoplazma wala mayai ya minyoo ya mviringo. Na Dettol asiitumie kabisa. Haifanyi kazi hiyo, na ni sumu kwa paka anayekanyaga kisha akajilamba.

Madume ahasi. Dume asiyehasiwa huzurura mbali na kunyunyiza mkojo kwenye kuta zako, na kwa hilo beseni halisaidii. Jike naye hubeba mimba siku 63 hadi 65, hivyo paka watatu wa leo huwa kumi kabla mwaka haujaisha.

Upande wako, lundo la mchanga lifunikwe kwa turubai, kingo zikandamizwe kwa mawe, kila jioni kabla ya magharibi bila kuruka hata siku moja. Mchanga uliopo hautafaa tena kuchezewa. Wala usihangaike kuumwagia dawa: upelekeni kwenye ujenzi, hauna kasoro ya lipu wala zege baada ya kuondoa vinyesi na mchanga unaovizunguka. Kuutandaza juani kunapunguza lava wa safura, ila mayai magumu yanabaki. Mtoto mpatie mchanga mpya kwenye beseni lenye kifuniko.

Kwenye tuta, tandaza wavu wa kuku wenye matundu ya inchi moja juu ya udongo, uukaze kwa vipande vya waya, na mchicha uchomoze katikati ya matundu. Paka anayeshindwa kuchimba huondoka. Makumbi ya nazi yaliyopangwa kwa kubanana nayo hufanya kazi hiyo hiyo. Mchicha uliopikwa ni salama, sina wasiwasi nao. Wasiwasi wangu ni kachumbari na mboga yoyote ya tuta hilo inayoliwa mbichi. Osha kwa maji yanayotiririka, mara kadhaa, jani kwa jani.

Mimba yako: waeleze wahudumu wa kliniki kama ulivyonieleza, wao wataamua kama kipimo kinahitajika. Kwa sasa usichimbe tuta hilo, mwachie mwingine, au vaa glavu na kunawa kwa sabuni mara utokapo. Nyama iive kabisa, na mishkaki yenye wekundu ndani iache. Kwa mjamzito, nyama isiyoiva na udongo ni njia kubwa zaidi za toksoplazma kuliko kumshika paka. Manyoya ya paka hayatoi mimba wala hayazibi kizazi, na anayekuambia hivyo anakutia hofu ya kitu kisichokudhuru huku mikono yako ikiwa kwenye tuta.

Sasa hao wauza dawa. Naftalini haifukuzi paka kwa zaidi ya siku chache, lakini kwa mtoto wa miaka minne inaonekana kama peremende. Akimeza, huweza kuvunja chembe nyekundu za damu, na hatari ni kubwa zaidi kwa mwenye upungufu wa kurithi wa kimeng'enya cha G6PD, jambo lisilo geni katika ukanda wetu wa malaria. Usiitawanye uwanjani, si kwa paka, si kwa nyoka. Mafuta ya taa yanaharibu udongo na mchicha wako, nayo mayai yako pale pale. Chupa za maji ya rangi zilizopangwa ukutani hazifanyi chochote.

Ila kijana anayekuja na "dawa" isiyo na jina, ndani ya karatasi au chupa ya soda, huyo mfungie mlango. Mara nyingi kilichomo ni sumu ya shambani iliyopunguliwa, na matumizi yake ni kupakwa kwenye dagaa au nyama. Kipande hicho hakichagui. Kuku anadonoa, mbwa wa mtaa wa pili anabeba, mtoto anaokota. Halafu Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakataza kumtesa mnyama, na sumu ni mateso, hivyo wewe uliyekuwa na haki utageuka mshtakiwa. Na baada ya hao watatu kufa, panya wataongezeka, na paka wengine wasio na mwenyewe watahamia kwenye mchanga ule ule usiofunikwa.

Yuko na ndugu yake katika biashara hiyo, anayepita na pikipiki akidunga paka "sindano ya minyoo" kutoka chupa ya ng'ombe. Ivermektini ya asilimia 1 imetengenezwa hivi kwamba mililita 1 inatosha ng'ombe wa kilo 50. Kwa kipimo hicho hicho, paka wa kilo 3 angestahili mililita 0.06, kiasi ambacho sindano ya kawaida haiwezi hata kukipima. Anayedunga nusu mililita amempa zaidi ya mara nane. Paka anatetemeka, anapofuka, anazimia, na mwenye paka anaambiwa "minyoo inatoka". Hata akipona, tegu wako pale pale, toksoplazma iko pale pale, na kinyesi chake bado kinafukiwa kwenye tuta la mtu. Msomaji yeyote mwenye paka asikubali sindano ambayo chupa yake hakuonyeshwa na uzito wa paka haukupimwa kwanza.

Kwa jirani yako, rudi mara ya nne, lakini safari hii usiende na lawama. Nenda na mguu wa mtoto na hesabu ya siku niliyokupa, umwombe mabeseni manne na koleo. Akikataa, mwone mjumbe, kisha bwana afya wa kata, na umwonyeshe lundo la mchanga kabla hujalifunika.