Debe la mafuta na F-22

Yakhe, umeuliza kati ya ndege za kivita F-22 na F-35 za Marekani, J-20 ya China na Su-57 ya Urusi ipi inajificha zaidi na rada, ukamalizia "si rangi maalumu tu wanapaka?" Mie vita sijavijua. Rada nimeijua kwa kukesha nayo zamu za usiku, meli ya abiria, Unguja na Mkoani. Rangi ipo, lakini huja mwisho. Kwanza umbo.

Usiku mmoja tumeshaipita Tumbatu, kiooni likatokea doa nono mbele yetu. Nikasema hiyo meli, tukapunguza mwendo. Kumulika taa, ngalawa! Mzee na kijana wake, na debe tupu la mafuta limelazwa ubavu omoni, mdomo umetuelekea sisi. Na muda mfupi nyuma tulipishana na jahazi zima la mbao, rada ikalionesha kama punje ya mtama.

Pembe ya ndani ya debe ina kuta tatu zilizosimamiana kwa nyuzi 90. Wimbi la rada likiingia hugonga ukuta huu, likaruka ule, likatoka kurudi kulekule lilikotoka. Sasa itazame F-15, ndege ya kivita isiyoundwa kujificha: mikia miwili imesimama wima kando ya vibawa vya nyuma vilivyolala. Debe hilo. F-22 na F-35 mikia imelazwa upande, na kingo za mabawa na mikia zimepangwa zifuate mielekeo ileile michache, ili mwangwi utupwe pembeni usimrudie aliyeutuma. Silaha zimo tumboni, na njia ya hewa imepindwa ili mapanga ya injini yasichungulie nje.

J-20 nayo mbele imetengenezwa vizuri, ila ina vibawa vidogo karibu na pua, na nyuma mabomba ya injini ni ya duara. Su-57 mie naiweka ya mwisho: njia yake ya hewa haifichi injini kikamilifu, na hati ya ubunifu ya Sukhoi wenyewe, kampuni iliyoiunda, inataja mwangwi wa wastani unaolingana na eneo la mita mraba 0.1 hadi 1. Baina ya F-22 na F-35 siamui. Takwimu halisi wamezifungia kabatini.

Halafu msidanganyike na neno "haionekani". Ukipunguza mwangwi mara 16, umbali wa kuonekana unapungua nusu tu. Upunguze mara 10,000, bado inabaki sehemu moja ya kumi: rada iliyokuwa ikiona kilomita 200 itaiona kwenye 20. Kwa rubani hizo 180 ni uhai, lakini sio uchawi.

Na inategemea nani anatazama. Melini tulikuwa na rada mbili, ya wimbi la sentimita 3 na ya sentimita 10. Mvua ya masika ikimwagika, ile ya 3 kioo chote mvua, tunahamia ya 10. Rada za ndege za kivita nazo ziko karibu na hiyo 3, na maumbo haya yamekusudiwa khasa mawimbi mafupi kama hayo. Wimbi refu halidanganyiki sana. Tarehe 27 Machi 1999 kikosi cha Zoltán Dani huko Serbia kiliiangusha F-117, ndege ya Marekani ya kujificha na rada, kwa makombora ya S-125, mtambo wa zamani wa Kisovieti, baada ya kuipata kwa rada ya P-18 yenye wimbi la mita 2 hivi. Na kinachochekesha, hesabu zilizowafungulia Wamarekani njia ya kuiunda F-117 alizichapisha Msovieti, Pyotr Ufimtsev, mwaka 1962.

Wakati wa amani F-22 hufungwa kidude cha kurudisha mawimbi, ili rada za uongozaji wa ndege ziione na adui asijue mwangwi wake halisi. Yaani wameibandika debe. Yule mzee tulimwambia kilichotufanya tupunguze mwendo. Safari nyengine nikaiona ngalawa yake, debe limepandishwa mlingotini.