Pointi za DVC kununulia pasi za mwaka za Disney: nilikataa mara moja, nikakubali mara moja

Mleta uzi, nikurudishie swali lako kwa ufupi ili wanaoingia sasa wasipotee. Uko Marekani, una mkataba wa pointi 160 kwa mwaka Disney Vacation Club (DVC, klabu ya likizo ya Disney), watoto wawili wa miaka 6 na 9, na umepewa nafasi ya kutoa pointi badala ya pesa ili mpate pasi za mwaka za bustani za burudani za Disney kule Florida (Disney World), watu wanne. Unauliza uchukue au uache. Naona wachangiaji wa juu nusu wanakwambia "bure hiyo mkuu, chukua", na nusu nyingine wanasema taimushea zote (kununua haki ya kulala hotelini muda fulani kila mwaka) ni utapeli. Mimi niko Atlanta, pointi ninazo tangu 2013, na hili jambo nimelipitia mara mbili. Vumilieni, nitaandika kirefu.

Neno "bure" tulitoe kabisa mezani. Kila mwaka unalipa ada ya kuendesha majengo, na kwa hoteli nyingi za pale Orlando sasa hivi ni kama dola 8 hadi 10 kwa kila pointi. Pointi 160 ni karibu dola 1,400 zinazotoka mfukoni, mlale huko msilale. Hapo bado sijagusa pesa uliyonunulia mkataba wenyewe. Kwa hiyo wanapokwambia "lipa kwa pointi", wanachokuomba ni pesa uliyoilipa jana.

Kwa ambao hawajui huu mchezo: DVC ilianza 1991. Hununui chumba fulani na wiki fulani kama taimushea za kizamani. Unanunua sehemu ya jengo hadi mwaka fulani, na kila mwaka unapewa pointi. Chumba kina bei yake ya pointi kwa usiku kulingana na msimu. Kwenye hoteli yako unaruhusiwa kuweka nafasi miezi 11 kabla, kwingine miezi 7. Pointi zina mwaka wake wa matumizi, na usipozitumia zinakufa. Unaweza kuzihamishia mwaka unaofuata, lakini lazima ufanye hivyo ndani ya miezi minane ya mwanzo ya mwaka wako wa matumizi, na zikishahamishwa hazihamishiki tena wala hazirudi. Vilevile unaweza kukopa za mwaka ujao. Shikeni hapo kwenye kuhama na kufa, ndiko jibu langu liliko.

Mkataba wangu ni wa hoteli ya Animal Kingdom Villas, unaisha 2057. Nikiri ukweli, nilinunua kwa sababu ya majina. Jengo moja linaitwa Jambo House, la pili Kidani Village. Kuna mgahawa unaitwa Boma, mwingine Jiko, mwingine Sanaa. Unatoka zamu za usiku ghalani Georgia miezi mitatu mfululizo, unafika mahali mlangoni wanakwambia "Jambo", unafungua pazia asubuhi na twiga yuko pale anatafuna. Muuzaji hakuhitaji kusema mengi. Mama yangu alipotutembelea kutoka Moshi tukampeleka, akasimama barazani na kikombe cha chai akauliza, "Mwanangu, nimepanda ndege mbili kuja kuangalia twiga?" Kisha tukapita mbele ya Jiko akaona watu wamevaa suti wanasubiri meza, akacheka mpaka akakaa chini. Kwake jikoni hakuingiwi na suti.

Turudi kwenye hesabu.

Chukua bei ya pasi kwa pesa taslimu, ongeza kodi ya mauzo, gawanya kwa idadi ya pointi wanazotaka. Jibu ndilo thamani wanayoipa pointi yako. Pasi ambayo sisi wanachama tunaruhusiwa kununua, Sorcerer, ilipanda Oktoba 2025 hadi dola 1,099. Ilipotoka 2021 ilikuwa 899. Weka kodi ya asilimia 6.5, unafika kama 1,170. Sasa tuseme karatasi uliyotumiwa inadai pointi 90 kwa pasi moja (weka namba yako halisi, hii yangu ni mfano tu). 1,170 gawanya kwa 90 ni dola 13 kwa pointi.

Halafu linganisha na soko la kupangisha. Madalali wa pointi sasa hivi wanampa mwenye pointi kama dola 16 hadi 19, kutegemea hoteli na tarehe. Kwa dola 17, pointi zile zile 90 zinakuletea 1,530. Unalipia pasi kwa kadi, unabakiwa na dola 360. Kwa pasi nne ni dola 1,440, ambayo ni ada yako ya mwaka mzima. Wakuu, hapo ndipo "bure" inapogeuka kuwa ghali.

Ndivyo nilivyofanya mara ya kwanza. Ofa ilikuja, mke wangu tayari alishawaambia watoto, mimi nikachukua karatasi na kalamu. Nikapangisha pointi 110 kwa familia moja kupitia dalali, enzi hizo nikapata dola 14 kwa pointi, jumla 1,540, na pasi nikazilipia kawaida. Kupangisha nako kuna adha zake, nisikudanganye. Nafasi inabaki kwa jina la uanachama wako, mgeni akivunja kitu kesi ni yako. Mapato hayo unayatangaza kwa IRS (watu wa kodi wa Marekani). Na mkataba unaruhusu kupangisha mara moja moja, ila unakataza kuifanya biashara, kwa hiyo usije ukageuka duka.

Kuna wanaokokotoa kwa bei ya chumba: "Pointi 90 ni usiku tano Kidani, chumba ni zaidi ya dola 500 kwa usiku, kwa hiyo pointi zangu zina thamani ya 2,500." Ndugu yangu, ungelipa kweli dola 500 kwa usiku? Mimi nisingelipa. Thamani ya pointi ni ile ambayo mtu mwingine yuko tayari kukupa leo, basi.

Mara ya pili nilikubali, na ningekubali tena. Mwaka wangu wa matumizi unaanza Juni. Nilikuwa na pointi nilizozihamisha kutoka mwaka uliotangulia kwa ajili ya safari ya Aprili. Februari, mke wangu ambaye ni muuguzi akabadilishiwa zamu, safari ikafa. Tulifuta mapema, zaidi ya siku 31 kabla, kwa hiyo pointi zilirudi salama. (Ukifuta ndani ya siku 31 zinaingia kwenye kifungo, unaweza kuzitumia tu kwa nafasi za siku 60 zijazo, na hapo mara nyingi vyumba vimekwisha.) Lakini kwa kuwa zilikwisha hamishwa mara moja, zisingehamishika tena, na tarehe 31 Mei zingekufa zote. Nikampigia dalali, akanipa dola 9, akasema pointi zilizobanwa na tarehe hakuna anayezigombania. Kiwango cha pasi kilikuwa chini ya bei ya kawaida ya kupangisha lakini juu ya hizo dola 9. Zikatosha pasi moja, ya mke wangu. Yangu na za watoto nikalipa kwa kadi.

Kwa hiyo mleta uzi, usiulize "pointi kwa pasi ni nzuri au mbaya". Uliza pointi zako ni za umri gani. Kama ni za mwaka huu na miezi minane ya mwanzo haijapita, zihamishe au zipangishe. Kama zilishahamishwa na zinakaribia kufa, na huna tarehe ya kwenda, pasi ni bora kuliko kuzizika. Na kama wanakushawishi ukope za mwaka ujao ili zitimie za pasi nne, hapo kataa bila kufikiri. Ni kula mbegu za msimu ujao. Mwakani utakuwa na pasi mkononi na huna pa kulala, utalipa hoteli kwa pesa, na ada ya klabu itakuja vilevile.

Kabla hujafika huko kote, je, mnazihitaji pasi nne? Pasi ya Disney World haina bei ya mtoto. Chini ya miaka 3 anaingia bure, kuanzia 3 analipa sawa na baba yake. Mtoto wako wa miaka 6 ni dola 1,099 kamili. Tiketi ya siku tano, kutegemea tarehe, mara nyingi inaangukia kati ya dola 500 na 700 kwa mtu. Safari moja kwa mwaka, pasi ni hasara. Zikiwa mbili ndani ya miezi kumi na miwili, za siku tano tano, mnaanza kugusa faida.

Hapa kuna ujanja halali: mwaka wa pasi unaanza siku unapoiamsha bustanini, siyo siku unayolipa. Sisi tuliziamsha katikati ya Julai, kabla shule za Georgia hazijafunguliwa, tukarudi tena mwanzoni mwa Julai iliyofuata. Safari mbili za kiangazi, pasi moja. Oktoba tukapenyeza wikiendi ndefu kwa gari, ni mwendo wa saa sita na nusu tu. Lakini angalia kalenda: Sorcerer imefungwa siku za Thanksgiving na kipindi cha Krismasi hadi mwaka mpya, na ndizo likizo ambazo Waswahili wengi wa huku tunapata. Kama kazini kwenu wanawaachia Desemba tu, pasi hiyo haikufai hata wakikupa kwa pointi kumi.

Maegesho ya bustanini wanayotangaza kama faida ya pasi, ukilala kwenye hoteli za Disney unayo tayari. Usiyahesabu mara mbili. Punguzo la bidhaa lipo, ila mwenye watoto anajua kwamba punguzo dukani ni njia ya kutumia zaidi.

Mama tulimkatia tiketi ya siku tatu. Magoti yake yalitosheka na mbili, ya tatu akabaki barazani na twiga wake.

Sasa hili la shemeji yangu, kwa sababu naona mchangiaji mmoja amesema "nunua mkataba kwa mtu wa pili, ni nusu bei, kisha chukua pasi". Yaani kwa mwanachama anayeuza wake, siyo kwa Disney wenyewe. Shemeji alifanya hivyo 2019. Mkataba halali kabisa, pointi zinafanya kazi, analala vizuri kuliko mimi. Lakini mikataba iliyonunuliwa kwa mtu wa pili kuanzia tarehe 4 Aprili 2016 haipati marupurupu ya wanachama, na haki ya kununua Sorcerer ni mojawapo. Asiyekaa Florida na asiye na marupurupu hayo anabakiwa na pasi ya juu, Incredi-Pass, ambayo ni dola 1,629. Aligundua akiwa dirishani, familia nzima nyuma yake imevaa masikio ya panya. Hata ukiwa mwanachama kamili, wanaoruhusiwa ni mnaoishi anwani moja, binamu wa Dallas hahesabiwi.

Na pasi zenyewe si za kudumu. Novemba 2021 walisimamisha kuuza karibu zote, ikabaki ile ya bei ya chini kwa wakazi wa Florida, hadi Aprili 2023. Usipange maisha ya miaka mitatu kwa kitu ambacho dirisha lake linaweza kufungwa Jumanne asubuhi.

Kwa wale wa "utapeli", mnachanganya mambo, ila nawaelewa. Mimi mwenyewe kabla ya DVC nilinaswa Kissimmee, barabara ya 192, kwenye kibanda cha tiketi za bustani kwa bei ya kutupa. Sharti ni kuhudhuria maelezo ya "dakika 90". Zilikuwa saa tano, na nikatoka nimesaini mkataba wa kampuni ambayo sitaitaja. Kilichoniokoa ni sheria ya Florida: una siku 10 tangu kusaini au kupokea hati ya mwisho, ipi itakayochelewa, kuvunja mkataba wa taimushea bila kutoa sababu, na hata ukisaini kwamba umeiacha haki hiyo, saini hiyo haina nguvu. Siku ya nane nikapeleka barua posta, ya rejesta, nikatunza risiti. Pesa ilirudi. Tiketi walizonipa tulizitumia.

Mleta uzi, weka hapa vitu vitatu: mwezi unaoanza mwaka wako wa matumizi, pointi ngapi zilishahamishwa, na idadi ya pointi wanazodai kwa pasi moja. Nikitoka kazini kesho nakupigia hesabu yako. Hiyo ofa usiisaini leo usiku.