Kabla Fundi Hajakata Mbao, Angalia Nani Yumo Ndani

Ukienda Keko, Dar es Salaam, kuagiza kitanda cha mninga, utaulizwa futi ngapi na una shilingi ngapi. Hakuna atakayekuuliza unataka kuona nini kwenye mbao zenyewe, ilhali ndizo utakazozitazama kila ukijilaza. Kwa hiyo nenda ukazichague mwenyewe, tena kabla hazijaguswa na msumeno.

Nasema hivi kwa sababu ya bundi. Kitanda cha wageni kwetu kilikuja na ubao wa kichwani wenye mafundo mawili sambamba, na katikati yake mistari ikishuka na kuchongoka. Watoto walimpenda papo hapo, wakamwita Mzee Bundi. Shangazi yangu alipofika alisimama mlangoni, mkoba bado uko begani. "Mwanangu, huyu ndiye nitakayelala naye?" Akalala sebuleni. Wala sikumcheka: bundi akilia juu ya paa mtaa mzima hujadili, sembuse akikaa kitandani.

Dawa ilikuwa rahisi. Fundi aliufungua ubao ule akaugeuza juu chini, na bundi akatoweka. Pakabaki kilima na visima viwili. Akili ya binadamu ni nyepesi mno kuona sura, inatosha ipate madoa mawili juu na kitu cha kufanana na mdomo chini yake. Ukipindua mpangilio huo, sura nyingi hupotea. Basi kila ubao utazame pande zote mbili, na usimame mbali kidogo, pale mgeni atakapokuwa akiingia.

Ubao mkavu uliojaa vumbi la msumeno hauonyeshi kitu. Omba upigwe randa kidogo, kisha upanguse kwa kitambaa chenye tina, ile ya kuzimulia rangi. Michoro hujitokeza karibu kama itakavyokuwa baada ya vanishi, na tina hukauka upesi. Ukipata unachokipenda, kizungushie chaki.

Kama hutaki wanyama chumbani, chagua mbao zilizopasuliwa kuelekea kiini cha gogo, kwani mistari yake hunyooka. Zilizopasuliwa ubavuni ndizo zenye matao, milima na vituko. Fundo nalo ni kitako cha tawi lililomezwa na shina, ndiyo maana mistari hupinda na kulizunguka. Lipime kwa kidole: likicheza, au likiwa na mviringo mweusi wa gome, hilo lilikwisha kufa na siku moja litadondoka. Simba wako atabaki chongo. Lisikae kwenye maungio wala penye bawaba.

Kwa kabati la milango miwili kuna raha nyingine. Mwambie fundi apasue ubao mmoja mnene katikati na kuufungua kama kitabu, vipande viwili vikae ubavu kwa ubavu. Michoro itakutana pande zote sawasawa, na hapo hutokea vipepeo, popo, hata vinyago vyenye meno. Binafsi napenda vinyago. Mwenye watoto waoga afikirie mara mbili.

Patana bei mapema, maana kuchagua huku hupoteza mbao, na fundi ana haki ya kulipwa kwa mabaki. Sisitiza vanishi isiyo na rangi. Ile ya kahawia iliyokolea humfukia kila kiumbe. Na usikubali kuchorewa macho ya rangi "ili aonekane vizuri". Anayehitaji kuchorewa hayupo.

Samani za MDF, yaani mbao za kiwandani za nyuzi za miti zilizogandamizwa kwa gundi, zikibandikwa karatasi ya michoro ya mbao zina vichekesho vyake. Tafuta fundo moja kwenye mlango wa kwanza, kisha endelea kukagua: mara nyingi utalikuta lilelile mbele, na mkunjo wake uleule. Muuzaji akishikilia kwamba ni mninga, muonyeshe hao mapacha.